Chakula cha Mifugo: Kazi Iliyo Karibu Nawe

Ukipita Kayole, Umoja au Dandora alfajiri, utasikia majogoo wakiwika nyuma ya ploti. Kuku hao hula kila siku, na hapo ndipo ilipo kazi ambayo vijana wengi hawajaifikiria: kutengeneza chakula cha mifugo. Mfugaji yeyote atakueleza kwamba zaidi ya nusu ya gharama yake huishia kwenye chakula.

Kazi yenyewe ni kusaga na kuchanganya kwa vipimo: mahindi ya kutia nguvu, pumba za ngano, soya na omena za kujenga mwili, na chokaa ya kuimarisha maganda ya mayai. Kuku wa mayai huhitaji protini ya asilimia 16 hivi.

Lakini tahadhari! Usivutwe na mahindi ya bei nafuu yenye kuvu. Kuvu hiyo hutoa sumu ya aflatoksini, iliyoua watu 125 nchini mwaka wa 2004, wengi wao Makueni na Kitui. Ng'ombe akilishwa sumu hiyo, sehemu yake hutokea katika maziwa anayokunywa mtoto wako. Omena nayo ichekeche, kwani wauzaji wengine huitia mchanga ili uzito upande.

Je, uanzie wapi? Soma kwanza, chuo cha AHITI kule Kabete hufunza mambo ya mifugo. Kisha, kabla ya kuuza, tafuta alama ya ubora ya KEBS. Kuku wa mteja wakitaga vizuri, atarudi. Wakiacha kutaga, mtaa mzima utajua kabla ya jioni.