Simu ya Waya ya Guka Huko Shags: Inaweza Kukupea WiFi ama Ni Pambo Tu?

Umechoka na rent ya Nairobi, unataka kurudi shags ufanyie kazi za mtandao kwa keja ya guka. Ukutani kuna soketi ya simu ya waya, ya enzi za KP&TC, kabla Telkom Kenya izaliwe 1999. Kabla utoe doh ya modemu, cheki hizi vitu tatu.

Kwanza, chomeka simu, inua mkono wake usikize. Kimya kabisa? Pengine kuna mahali waya imekatika, na wezi wa shaba wamepitia laini mob sana hapa Kenya. Ikitoa toni na krrr krrr, pengine viungo vimeshika kutu.

Pili, umbali. Toni safi haimaanishi uko na intaneti. Sauti husafiri mbali kwa shaba, lakini ADSL huishiwa nguvu kama kilomita 5 hivi kutoka eksichenji. Na hesabu njia ya waya, si ya nduthi.

Tatu, uliza kampuni yenye laini kama hiyo eksichenji iko na mitambo ya ADSL na kama bado inaunganisha wateja. Bila hiyo, hata waya safi ni bure.

Namba mbili ama tatu ikikataa, wachana nayo. Faiba nayo haipiti kwa shaba, inataka kebo yake. Ukiwa huko huko, pima 4G na simu yako, ama ufikirie Starlink, iliyoingia Kenya Julai 2023.

Simu ya guka? Wacha ikae hapo. Ni historia.