Greda Lililokataa Kuingia Gia

Wasomaji wa gazeti letu, wengi wenu mmeliona greda likisawazisha barabara, lakini nadhani ni wachache wajuao kwamba siku hizi ndani ya mashine ile mna kompyuta kadhaa zisemezanazo mchana kutwa. Mimi pia sikujua mpaka likizo ya Desemba iliyopita, nilipokaa na mjomba wangu, fundi wa mitambo, katika kambi ya watengeneza barabara. Huko niliona greda zima likilala siku tatu kwa ajili ya ugonjwa usiozidi punje ya mchele. Napenda kuwaeleza jinsi ugonjwa huo unavyotafutwa, kwa kuwa hesabu yake ni ileile tuliyofundishwa katika Fizikia, na ambayo baadhi yetu tuliiona haina kazi.

Zamani kila kifaa cha mashine kilikuwa na waya wake mwenyewe, na waya zikawa nyingi kama mizizi ya mwembe. Mwaka 1986 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilionyesha njia nyingine, iitwayo CAN. Kompyuta zote hushikamana na waya mbili tu. Moja husema, nyingine husikiliza. Katika mitambo mizito hufuatwa kanuni iitwayo J1939, ambayo kasi yake ya kawaida ni biti 250,000 kwa sekunde. Mara nyingi waya mmoja huwa wa manjano na wa pili wa kijani, nao husokotwa pamoja kama kamba. Usidhani ni urembo. Kompyuta hupima tofauti ya volti baina ya waya hizi mbili. Basi kelele za umeme zikiingia kutoka nje, huziingia zote sawasawa, na tofauti haibadiliki. Wakati wa kimya kila waya huwa na volti 2.5 hivi. Ishara inapopita, wa manjano hupanda kufikia 3.5, na wa kijani hushuka kufikia 1.5.

Lililonipendeza zaidi ni jambo la miisho. Ishara ikifika mwisho wa waya hurudi nyuma, kama sauti irudivyo ukipiga kelele mbele ya jabali, na mwangwi huo huvuruga maneno yanayofuata. Kwa hiyo kila mwisho hufungwa kikinzani cha omu 120 ili kuumeza mwangwi. Viwili hivyo vimeungwa sambamba, na kila mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aweza kukuambia kwamba jumla yake ni omu 60. Namba hiyo kwa fundi ni kama joto la mwili kwa daktari.

Sasa nirudi kambini. Greda lilipokataa kuingia gia, dashibodi iliandika kwamba kompyuta ya gia haisikiki. Msimamizi akasema imekufa, iagizwe mpya. Akaongeza kwamba aliyeiua ni utingo, kijana wa rika langu, ambaye aliwahi kukamatwa akichaji simu kwa waya alizoziunga mwenyewe kibandani mwa dereva. Kijana akaambiwa aende kwao. Mvua za vuli zilikuwa zimeshika, udongo uliomwagwa barabarani ukawa tope tupu, na gari la zahanati likawa halipiti.

Mjomba hakuridhika. Alisema mtu asiyeitika huenda yu hai, ila njia ya kumfikia imekatika. Akazima swichi na kutoa waya wa betri, kwani omu hazipimwi penye umeme, mita itakudanganya. Kisha akafungua soketi ya duara yenye pini tisa iliyomo kibandani, akanionyesha pini C na D.

"Soma, mjomba," akaniambia. Ndivyo tuitanavyo.

Nikasoma 120.

Kama waya hizo mbili zingegusana, mita ingesoma karibu na sifuri. Kama mtu angeongeza kikinzani cha tatu, ingesoma 40. Kusoma 120 maana yake kimoja hakionekani. Lakini kipi? Mjomba akachomoa kile cha kibandani, na mita ikaruka hadi kikomo chake. Basi 120 ile ilikuwa ya kibandani, na kilichopotea ni cha nyuma, mbali kabisa na mahali utingo alipounga waya zake za simu.

Tukaingia chini ya greda, penye kiungo linapojikunjia katikati. Mimi nilishika mita, yeye akatikisa waya shubiri kwa shubiri. Alipofika kwenye soketi moja, namba zikaanza kucheza: 120, 60, 120. Akaifungua. Mpira wake wa kuzuia maji ulikuwa umekaa upande, na pini moja imeliwa na kutu ya kijani.

"Nani aliosha mashine hii kwa pampu?"

Nilikuwa mimi. Wiki tatu kabla yake nilijitolea kuliosha, nikaelekeza maji ya presha palepale kwenye kiungo mpaka chuma kikang'aa, na watu wakanisifu. Nilinyamaza kitambo, kisha nikasema.

Mjomba hakunigombeza. Alitia pini mpya na mpira mpya, kwa maana kukwangua pini iliyooza ni kuahirisha tu. Mita ikasoma 60. Tukarudisha betri na kuwasha swichi: manjano volti 2.6, kijani 2.4. Mita ya kawaida haiwezi kufuata kasi ya maneno, huonyesha wastani tu. Gia ikaingia.

Jioni ile mjomba alinipeleka kwa msimamizi nikarudia maneno yangu. Kompyuta mpya haikuagizwa tena, na asubuhi utingo akaitwa. Siku alizokaa nyumbani hakulipwa. Nilimpa fedha nilizoweka kwa ajili ya viatu vya shule, akazipokea bila neno; lakini mpaka naondoka kambini, kila asubuhi kabla ya kulipanda greda aliniuliza kwanza kama nimeligusa.