Kupiga picha, lugha ya alama, kazi za ndege: mtoto wetu asome nini?



Familia nyingi zina ndugu waliokwisha kwenda Marekani. Wakipiga simu wanatupa habari za masomo: huyu anasoma kupiga picha, yule anajifunza lugha ya alama ya viziwi, mwingine anafundishwa kutengeneza ndege, tena katika aina moja ya chuo, kinachoitwa chuo cha jamii. Wazazi wanauliza: ni chuo gani hicho? Na sisi tuliobaki huku je? Mwezi huu tunajaribu kujibu.

CHUO CHA JAMII NI NINI

Ni chuo cha watu wa mahali pale pale. Cha kwanza cha serikali ambacho kipo mpaka leo ni Joliet, karibu na Chicago, kilichofunguliwa mwaka 1901. Mtu anasoma miaka miwili, au kozi fupi ya miezi michache, mchana au jioni akitoka kazini. Karo yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya chuo kikuu. Mama wa miaka 40 anakaa darasa moja na kijana wa miaka 18, na hakuna wa kumcheka. Akimaliza anatafuta kazi, au anaendelea na chuo kikuu.

Lakini tuseme ukweli. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Familia zilizokuwa zimekwisha kuhojiwa na kupimwa afya zikabaki zimekaa juu ya masanduku yao. Mtoto aliyekuwa na miaka 12 faili ilipofunguliwa, leo ana ndevu. Miaka haimngoji mtu. Kwa hiyo tuzitazame kazi hizi tatu kwa jicho la hapa hapa: nini kinawezekana, na nini ni ndoto ya mbali?

KUPIGA PICHA

Hii ndiyo iliyo karibu. Mohamed Amin, mpiga picha wa Kenya ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia zilishtua dunia mwaka 1984, alianza akiwa mtoto Dar es Salaam, na kamera ndogo iliyokwisha tumika. Hakungoja kamera ya bei kubwa.

Somo la kwanza ni mwanga. Simu ya kawaida inatosha. Mweke mtu karibu na mlango, mwanga umpige usoni kwa upande, jua lisiwe nyuma yake, la sivyo uso utakuwa mweusi. Somo la pili ni kutulia, maana mkono ukitikisika picha inakuwa na ukungu. Somo la tatu ni picha ndogo za vitambulisho, ambazo watu wanazihitaji kila wakati: ukuta mweupe, uso umeelekea mbele, macho wazi, hakuna kivuli, hakuna kicheko. Anayejua hizo, halafu akaongeza harusi, ubatizo na sherehe za shule, ana kitu cha kuuza. Aandike kwenye daftari kila franga inayoingia na kila franga inayotoka, pamoja na ile ya kuchaji simu na ya kuchapa picha.

Kuna jambo moja sisi wakimbizi lazima tulishike. Usimpige mtu picha bila ruhusa, wala usiitume kwenye intaneti hivi hivi. Wengine walikimbia watu wanaowatafuta mpaka leo. Picha moja inaweza kuonyesha mahali walipo.

LUGHA YA ALAMA

Wengi wanadhani ni ishara tu za mikono. Hapana, ni lugha kamili. Ina maneno yake na sarufi yake, na uso nao unasema: katika lugha ya alama ya Marekani, ukiuliza swali la ndiyo au hapana unainua nyusi. Tena si moja dunia nzima. Kenya ina yake, Tanzania ina yake, Uganda ina yake.

Katika Afrika yetu mtu aliyefanya kazi kubwa ni Andrew Foster, Mwamerika mweusi aliyekuwa kiziwi tangu miaka 11. Alifika Ghana mwaka 1957, akafungua shule ya viziwi, halafu akaendelea nchi kwa nchi mpaka shule zikapita 30. Ndiyo sababu alama za nchi nyingi za Afrika ya magharibi na ya kati zinafanana na za Marekani. Alifariki mwaka 1987 katika ajali ya ndege, hapa jirani Rwanda.

Kwa nini jambo hili linatuhusu? Kwa sababu homa ya uti wa mgongo na magonjwa mengine huacha watoto bila masikio, na katika kukimbia shule hukatika. Mtoto kiziwi anakua nyumbani bila lugha yoyote, watu wanamwita bubu, eti hana akili. Si kweli. Akili anayo, alichonyimwa ni lugha. Na akili ya mtoto hushika lugha vizuri zaidi katika miaka ya mwanzo, kwa hiyo kungoja ni hasara. Wazazi, msimfiche. Tafuteni shule ya viziwi au mtu mzima kiziwi anayejua alama, na ndugu zake wote wajifunze pamoja naye.

Kazi pia ipo. Uganda iliitaja lugha ya alama katika katiba ya mwaka 1995, na Kenya katika ile ya mwaka 2010. Chuo Kikuu cha Kyambogo, Uganda, kinafundisha wakalimani. Hospitalini, mahakamani, na kwenye mahojiano ya ukimbizi, kiziwi anahitaji mkalimani anayejua kazi na anayejua kufunga mdomo, maana siri ya mtu ni siri.

KAZI ZA NDEGE

Watoto wa Mutakura wanaona ndege kila siku, maana uwanja wa Bujumbura, unaoitwa Melchior Ndadaye tangu mwaka 2019, uko jirani. Ukiwauliza, wengi wanataka kuwa rubani. Vizuri, lakini tusidanganyane. Kwa sheria za kimataifa, leseni ya kwanza inataka saa 40 angani au zaidi, na ile ya biashara inataka kama saa 200. Kila saa ni mafuta, ni mwalimu, ni ndege ya kukodi. Ni pesa nyingi sana. Tena tangu mwaka 2008 rubani wa safari za kimataifa lazima apimwe Kiingereza cha redio.

Ila ndege haipandi kwa rubani peke yake. Kuna fundi, kuna anayeongoza ndege kutoka mnarani, kuna anayepima uzito wa mizigo, kuna anayekagua abiria. Vyuo vya Afrika Mashariki vipo: Nairobi tangu 1954, Soroti nchini Uganda tangu 1971, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji cha Dar es Salaam chenye kozi za ufundi wa ndege. Vyote vinaangalia hesabu, fizikia na Kiingereza. Basi njia ya ndege inaanzia kwenye daftari la hesabu, usiku huu.

KABLA YA KULIPA

Wajanja wako wengi. Mtu akikuambia ana nafasi ya chuo cha ndege, tuma pesa kwa simu leo, kesho itafungwa, mwache. Uliza mambo haya:

1. Chuo kinatambuliwa na serikali ya nchi gani?
2. Cheti kinaitwaje, na ni nani aliyekipata akaajiriwa?
3. Kinapokea kadi ya mkimbizi? Cheti cha shule cha Kongo kinakubaliwa?
4. Karo yote ni kiasi gani, pamoja na usafiri na chakula?

Waulizeni pia ONPRA na HCR kuhusu misaada ya masomo. Ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa pesa za Ujerumani, umesomesha wakimbizi wengi chuo kikuu, lakini nafasi ni chache kuliko waombaji. Na kwa walio kaskazini ya mji, Kituo cha Vijana Kamenge, kilichopata tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2002, kinajulikana kwa maktaba yake na kozi za lugha na kompyuta. Hapo ni mwendo wa miguu tu.

Wazazi, kaeni na mtoto jioni moja, mumuulize anapenda nini na anaweza nini, halafu mchague kitu kimoja cha kuanza mwezi huu. Siku ya safari ikifika, ataondoka na kazi mikononi. Isipofika, kazi itamlisha hapa.

Tuonane mwezi ujao. Mungu awalinde.