Makasi Mezani na Siri ya Saratani

Wahenga walinena kuwa subira huvuta heri. Nami huikumbuka methali hii kila nimsikiapo mwalimu akimkatisha tamaa msichana apendaye sayansi, eti kesho ataolewa na elimu yake ipotee bure.

Hebu tumtazame Janet Rowley wa Chicago, Marekani. Alipoomba kusomea udaktari, nafasi za wanawake, 3 tu kati ya 65, zilikuwa zimejaa. Akangoja miezi 9. Alihitimu mwaka wa 1948, akaolewa siku iliyofuata, na kwa miaka mingi alifanya kazi siku chache kwa juma ili awalee wanawe wanne.

Mwaka wa 1972, kwenye meza ya chakula nyumbani, alikuwa akikata kwa makasi picha za kromosomu za wagonjwa wa aina moja ya saratani ya damu. Wanawe walimtania kuwa anacheza na wanasesere wa karatasi. Kumbe! Aliona kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zilikuwa zimebadilishana vipande. Wengi hawakusadiki kuwa hitilafu ya namna hiyo ndiyo chanzo cha saratani. Hata hivyo, mwaka wa 2001 Marekani iliidhinisha imatinib, dawa inayozuia protini itokanayo na hitilafu hiyo. Ugonjwa uliokuwa ukiua sasa hudhibitiwa kwa vidonge.

Walimu wenzangu, ni akina Rowley wangapi tumewafungia mlango? Nanyi wanafunzi, mlango ukifungwa leo, ngojeni papo hapo, daftari mkononi.