Swali na Kimya: Kujenga Fikra Tunduizi katika Somo la Fasihi ya Kiswahili Shule za Sekondari Tanzania

Makala haya yanafafanua namna mwalimu wa fasihi ya Kiswahili katika shule za sekondari Tanzania anavyoweza kuwajengea wanafunzi fikra tunduizi, yaani uwezo wa kuipima hoja kwa ushahidi kabla ya kuikubali au kuikataa. Lengo hilo si geni. Julius Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaja akili ya udadisi miongoni mwa mambo ambayo elimu haina budi kuyakuza. Na mtaala wa sekondari uliojikita katika umahiri, ulioanza mwaka 2005, ulimweka mwanafunzi katikati ya tendo la kujifunza. Hata hivyo, ushiriki unaoonekana darasani mara nyingi ni wa sauti tu. Mwalimu huuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima huitikia, "Ndiyo!" Mwalimu huanza neno, wanafunzi hulimalizia kwa pamoja. Kelele hizo huchangamsha, lakini hazithibitishi kwamba kuna aliyefikiri.

Suala hili lina uzito wa pekee katika somo la Kiswahili. Kwa kuwa masomo mengi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, kipindi cha Kiswahili huenda kikawa ndicho pekee katika siku ambacho mwanafunzi anaweza kubishana kwa lugha anayoimudu. Kipindi hicho kikitumiwa kunakili dhamira kutoka ubaoni, hasara yake ni vigumu kufidiwa kwingine.

Mbinu iliyo kuu kuliko zote, kwa maoni yetu, ni swali lenyewe. Tuchukue Takadini ya Ben Hanson, riwaya iliyosomwa kwa miaka mingi katika kidato cha tatu na cha nne. Sekai anatoroka na mwanawe mwenye ualbino ili asiuawe kwa mujibu wa mila. Mwalimu anaweza kuagiza: "Taja dhamira nne." Mwanafunzi aliyekariri desa atazitaja bila hata kukifungua kitabu. Lakini mwalimu akiuliza, "Sekai alipotoroka, aliipinga mila au aliikwepa tu?" desa halina jibu. Mmoja atasema kwamba kumwokoa mtoto ni upinzani tosha. Mwingine atamjibu kwamba mila ileile ilibaki kijijini ikimsubiri mtoto mwingine. Wote wawili watalazimika kurudi kitabuni. Swali la namna hii ni nadra kuzuka papo kwa papo mbele ya darasa. Hutungwa mapema, wakati wa kuandaa somo, na mawili au matatu yanatosha kwa kipindi kizima.

Swali zuri huharibiwa na haraka. Mary Budd Rowe wa Marekani, katika tafiti zake za madarasa ya sayansi zilizochapishwa miaka ya 1970, aligundua kwamba baada ya kuuliza, walimu walisubiri kwa wastani takriban sekunde 1 tu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na kuambatana na sababu, na idadi ya wanafunzi walioshindwa kujibu ikapungua. Sekunde tatu za kimya mbele ya wanafunzi sitini si kitu chepesi. Mwalimu huona kama ameshindwa kazi. Avumilie.

Baada ya kimya hicho, kila mwanafunzi ajadiliane na jirani yake kabla ya darasa zima kusikilizana. Utaratibu huu, uliobuniwa na Frank Lyman mwaka 1981, hauhitaji kuhamisha dawati hata moja. Tunaupendelea kuliko makundi ya watu kumi, ambamo wawili husema, katibu huandika, na waliosalia hungoja kengele.

Kikwazo kingine ni adabu: mtoto aliyelelewa kutomjibu mkubwa huona kuhoji ni utovu wa heshima. Hapa fasihi simulizi husaidia. Mwalimu aandike ubaoni "Haraka haraka haina baraka" na "Ngoja ngoja huumiza matumbo", kisha aulize ni katika mazingira gani kila moja ni kweli. Mwanafunzi atetee methali moja, halafu abadilishe upande. Wahenga wenyewe wametofautiana, hivyo hakuna anayevunjiwa heshima.

Walimu wengi husema kwamba mtihani wa kidato cha nne hauwaachii nafasi ya mijadala. Lakini maswali ya fasihi katika mtihani huo kwa kawaida hutaka hoja zinazothibitishwa kwa mifano kutoka vitabuni, jambo ambalo mjadala hulizoeza kuliko kunakili. Penye hatari zaidi ni usahihishaji wa majaribio ya shuleni. Mwanafunzi akidai kwamba Sekai aliikwepa mila, akataja tukio linaloiunga mkono hoja yake, apewe alama zake hata kama mwongozo wa mwalimu unasema aliipinga. Na yule anayeandika kwamba aliipinga, pasipo kutaja tukio lolote, asipewe.