Mtoto Atakuwa Mrefu Kiasi Gani?

Akina mama wa vikundi vya Kitengela na Kajiado hutuuliza: huyu atafika urefu wa babake? Hesabu iko. Jumlisha sentimita za baba na mama. Mvulana ongeza 13, msichana toa 13, kisha gawa kwa 2. Baba wa 180 na mama wa 165: mvulana 179, msichana 166. Anaweza kuzidi au kupungua kama 10, kwa hivyo suti ya harusi ingoje.

Lakini hesabu haijui ukame. Ule wa 2020 hadi 2023 ulikausha ng'ombe, maziwa yakakosekana. Mtoto akikosa lishe kabla ya miaka miwili hudumaa, na kurudisha urefu huo ni kazi ngumu. Kliniki msiridhike na kilo peke yake. Ombeni apimwe urefu pia, uandikwe kwenye kijitabu chake.