MGB IKIKUGOMEA NJIANI, SIKILIZA 'TIK TIK' KABLA HUJAMWAGA PESA

KUNA magari, halafu kuna magari. Lipo la kukupeleka kazini na kukurudisha, watu wala hawageuzi shingo. Na lipo lile ambalo ukipita nalo mtaani, jirani anaacha mswaki mdomoni na watoto wanakimbia nyuma yako mpaka kona. MGB ni la kundi hilo la pili.

Ni kigari kifupi cha milango miwili, boneti ndefu, paa la turubai unalolifunua ukitaka upepo. Waingereza walianza kuliunda mwaka 1962 kwenye kiwanda cha Abingdon, wakafunga kazi mwaka 1980. Katika miaka hiyo 18 walitoa zaidi ya magari laki tano. Si la sura tu. Mwaka 1964 ndugu wawili, Donald na Erle Morley, walilipeleka kwenye mashindano ya Monte Carlo wakashinda daraja lao la GT.

Lakini wahenga walishasema, uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Mwenye MGB anajua. Asubuhi gari linawaka kwa nusu ufunguo. Linakwenda kilomita tano, kumi, halafu katikati ya mlima linaanza kukohoa. Puh! Puh! Kimya. Mabasi yanapiga honi nyuma, na mrembo uliyempakia anaanza kutazama saa. Unasubiri dakika kumi, unapiga stata, linawaka kama halijafanya kitu!

Hapo ndipo pesa zinapoanza kumwagika. Unalivuta hadi gereji bubu, fundi anafungua boneti, anatikisa kichwa. "Bosi, hizi kabureta mbili zimekufa. Tutoe zote, tufunge moja ya Toyota." Mwingine atakwambia ung'oe injini nzima. Ukikubali, gari lililokuwa na thamani kwa sababu kila kitu chake ni cha asili linageuka mkorogo, na ugonjwa uko pale pale. Kwa nini? Kwa sababu mara nyingi mgonjwa hayuko chini ya boneti. Yuko nyuma, karibu na tenki, au yuko kwenye waya mmoja mweupe.

TAZAMA MSHALE WA MIZUNGUKO

Kabla hujashika spana, jiulize swali moja: gari limekosa moto au limekosa petroli? MGB nyingi, kuanzia zile za katikati ya miaka ya 1960, zinakujibu zenyewe. Gari likianza kuzima ukiwa bado kwenye gia na magurudumu yanazunguka, tupia jicho mshale unaoonyesha mizunguko ya injini. Mshale huo unapata habari zake kwenye umeme wa koili.

Ukianguka ghafla hadi sifuri wakati injini bado inaburuzwa na magurudumu, moto umekatika. Angalia swichi ya ufunguo, koili na pointi za distribyuta. Lakini ukishuka polepole sambamba na injini, huku gari linakohoa na kuvutavuta, hiyo ni njaa ya petroli. Nenda nyuma kwenye pampu.

PAMPU INAONGEA

Pampu ya MGB ni ya umeme, ya aina ya SU, na kazi yake ni rahisi ukishaielewa. Ndani kuna koili. Umeme ukipita, koili inavuta ngozi ya mpira na petroli inanyonywa kutoka kwenye tenki. Ngozi ikifika mwisho, pointi zinafunguka, umeme unakatika, springi inaisukuma ngozi irudi na petroli inakwenda mbele. Pointi zinajifunga tena, mchezo unaanza upya. Kila safari moja unasikia "tik".

Vyumba vya kabureta vikijaa, springi haiwezi tena kusukuma. Pampu inanyamaza na kusubiri. Sasa fungua ufunguo bila kuwasha injini, tega sikio nyuma. Majibu yako manne:

Kwanza, inapiga tik tik tik haraka kwa sekunde chache, inapunguza kasi, inanyamaza. Hiyo ni nzima.

Pili, inapiga haraka bila kukoma. Pengine tenki ni tupu. Kama lina mafuta, pampu inanyonya hewa: mpira umepasuka au nati imelegea kati ya tenki na pampu. Au petroli inamwagika mahali. Ukisikia harufu, funga ufunguo palepale! Usiendelee kutega sikio.

Tatu, inanyamaza halafu inapiga tik moja kila baada ya sekunde chache, na injini haijawashwa. Petroli inatoroka. Ama sindano ya kabureta haifungi vizuri, ama vali ndani ya pampu inaachia mafuta yarudi kwenye tenki.

Nne, kimya cha kaburi. Hakuna umeme, hakuna ethi, au pointi za pampu zimechafuka. Ugonjwa huu wa pointi unayapenda sana magari yanayolala muda mrefu bila kutembea.

Wenye magari haya wana dawa yao ya zamani kwa kimya hicho: wanaigonga pampu taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikishtuka na kuanza kupiga, pointi ndizo mbovu. Lakini, ndugu yangu, hiyo ni dawa ya kukufikisha nyumbani tu. Ukifika, zisafishe pointi au badilisha. Anayegonga kila siku, siku moja atagonga usiku porini na pampu itamkatalia.

RANGI ZA WAYA NI RAMANI

Waingereza wenyewe wanaitania kampuni ya Lucas, iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari haya, kwamba ni "Mwana wa Mfalme wa Giza". Utani mzuri, lakini waya zake zina mpango kuliko za magari mengi. Rangi zake ni hizi:

Kahawia: umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, uko hai muda wote hata ufunguo uko mfukoni. Mweupe: unapata umeme ukifungua ufunguo. Kijani: ni ule wa ufunguo baada ya kupita kwenye fyuzi. Mweusi: ethi, yaani unarudi kwenye bodi. Zambarau: uko hai muda wote lakini umepita kwenye fyuzi, kama wa honi.

Pampu inalishwa na mweupe na kurudi kwa mweusi. Kwa hiyo, pampu ikiwa kimya, anza na mweusi kwa sababu ndio rahisi. Chukua kipande cha waya, gusisha ncha moja kwenye mguu wa ethi wa pampu na nyingine kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Ikianza kupiga, umemkamata mwizi: ethi imeoza. Fungua skrubu yake, piga msasa mpaka chuma king'ae, paka grisi, kaza.

Kama bado kimya, geukia mweupe. Hapa wengi wanadanganyika na mita. Wanapima, mita inasema volti 12, wanasema umeme upo, wananunua pampu mpya. Baada ya wiki gari linazima tena! Waya uliobakiwa na uzi mmoja mwembamba, au kiungo kilichoota kutu, kinaweza kuonyesha volti 12 kamili pale ambapo hakuna mzigo. Ukikitwisha kazi, kinalegea.

Tumia balbu. Chukua balbu kubwa ya indiketa, ya wati 21, iunge waya mbili. Iwashe kwanza moja kwa moja kwenye betri uone mwanga wake. Kisha vua mweupe na mweusi kwenye pampu, uziunge kwenye balbu hiyo. Ikiwaka kama ilivyowaka kwenye betri, njia ni safi na pampu ndiyo mbovu. Ikiwaka hafifu kama taa ya kibatari, pampu haina kosa. Rudi mbele kiungo kwa kiungo mpaka upate pale mwanga unaporudi.

Mara nyingi utaukuta ugonjwa kwenye vile viungo vya shaba vyenye umbo la kichwa cha risasi, vilivyochomekwa kwenye kijibomba cha mpira. Miaka 50 ya maji na vumbi si mchezo. Vingine ukivigusa vinatoka unga wa kijani. Safisha au badilisha. Kuzungushia tepu nyeusi juu ya kutu ni kumvika suti mgonjwa badala ya kumpeleka hospitali.

KARATASI YA SIGARA INACHOMA GARI

Sasa tuje kwenye jambo la kufa na kupona. Kwenye MGB nyingi, ule waya mweupe wa pampu haupiti kwenye fyuzi yoyote. Unatoka mbele hadi nyuma bila mlinzi. Ukichubuka na kugusa bodi, shoti inapita waya mzima, na waya huo umefungwa pamoja na wenzake wote. Unaanza moshi chini ya dashibodi, na nyuma kuna tenki la petroli. Muunge fyuzi yake ndogo ya ampea 10 au chini, karibu na unakoanzia. Ni kazi ya nusu saa.

Zile fyuzi za kioo za Lucas nazo zina mtego. Imeandikwa 35, lakini hiyo ni ampea ya kuikata. Ya kubeba muda wote ni 17. Fyuzi za Kimarekani huandikwa ile ya kubeba. Ukichomeka 35 ya Marekani hapo, waya utaungua kabla ya fyuzi. Na wale mabingwa wa kuzungushia fyuzi karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, hiyo si ufundi. Ni kibiriti.

Funga na swichi ya mshtuko, inayokata umeme wa pampu gari likigonga. Pampu ya umeme haijui kama umepata ajali. Ufunguo ukiwa wazi na bomba limekatika, inaendelea kumwaga petroli juu ya injini ya moto.

CHANYA AU HASI?

Hili limewaumbua wengi. MGB za hadi mwaka 1967 zimefungwa chanya ya betri kwenye bodi, kinyume na magari ya leo. Zilizofuata zikawa hasi kwenye bodi. Pampu za zamani zenye pointi tupu hazibagui, lakini za kielektroniki na zile zenye dayodi zina upande wake. Ukigeuza, umeiua. Na ukishtuliwa betri na Toyota ya rafiki, unga chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, halafu hakikisha magari hayagusani hata bampa. Bodi moja ni chanya, nyingine ni hasi. Zikibusiana, ni cheche.

USISAHAU PUMZI

Balbu imewaka vizuri, pampu inapiga, na gari bado linazima? Likizima, shuka ufungue kifuniko cha tenki. Ukisikia "fyuuu" hewa ikiingia, tenki lilikuwa limebanwa pumzi: tundu la kuingizia hewa limeziba na pampu inavuta dhidi ya utupu. Ndiyo maana ukisubiri dakika kumi linawaka tena. Pampu nayo ina njia yake ya hewa. Ikizibwa na tope, inapiga kwa kujikongoja.

Kipimo cha mwisho: vua bomba kwenye kabureta, lielekeze kwenye chupa, chomoa waya wa koili, fungua ufunguo kwa dakika moja. Pampu nzima itatoa zaidi ya nusu lita, bila mapovu. Fanya hivyo injini ikiwa baridi, nje penye hewa, mtungi wa kuzimia moto pembeni, na mwenye sigara akae mbali kabisa. Mapovu ni hewa inayonyonywa. Mafuta kidogo ni chujio lililoziba au pampu iliyochoka.

Kagua na mipira yote. Petroli ya siku hizi katika nchi nyingi imechanganywa na ethanoli. Uingereza ilianza kuuza yenye hadi asilimia 10 kama petroli ya kawaida Septemba 2021. Ethanoli inaila mipira ya zamani kwa ndani mpaka inalainika na kutoa uchafu unaokwenda kuziba chujio. Nunua mipira iliyoandikwa kwamba inahimili ethanoli.

Kwetu Afrika Mashariki magari ya zamani si hadithi za ng'ambo. Safari Rally ilianza mwaka 1953, Datsun 240Z ikashinda mwaka 1971 na 1973, na mwaka 2003 yakaanzishwa mashindano ya Safari ya magari ya zamani. Vumbi na makorongo vinazitikisa waya kuliko lami ya Ulaya.

Kwa hiyo, msomaji, likikugomea usikimbilie kuuza wala kung'oa injini. Tazama mshale, sikiliza tik tik, washa balbu. Kipande cha waya, balbu moja na msasa vinaweza kukuokolea pesa ya kabureta mbili. Na ule mweupe, leo hii utafutie fyuzi. Wiki njema barabarani!